Sema kwanza alichosema mwenzako

Mzazi akitaka kumsifu mwanawe mbele ya mwalimu husema, "Huyu mtoto ni msikivu." Maana yake anatii: akitumwa huenda, akikanywa huacha. Ni malezi mema, na shule zetu za Kikatoliki zimeyaenzi kwa miaka mingi. Lakini nikikaa nyuma ya darasa kama mkaguzi wa kipindi cha dini, naona usikivu huo unaelekea juu tu. Mwalimu akisema, kimya. Mwanafunzi akisimama kujibu, vidole vinanyooshwa kabla hajamaliza, wengine wanaguna, na akiteleza kwenye Kiingereza darasa linaangua kicheko. Huyo hatasimama tena muhula mzima.

Kanisa lina usikivu wa namna nyingine, tena wa zamani. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya watawa ulioandikwa katika karne ya 6, inaanza kwa neno "Sikiliza". Ndiyo kanuni ya Wabenediktini waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, kusini mwa Tanzania. Sura yake ya 3 inamtaka abati, yaani mkuu wa monasteri, panapokuwa na jambo zito, awaite watawa wote, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Hapo sikio la mkubwa linainama.

Nikiwaambia walimu haya, wengi hunijibu kwamba wao wana mdahalo kila wiki. Mdahalo naupenda, unanoa ulimi na kuondoa woga. Ila anayekaa upande wa kupinga humsikiliza mwenzake akiwinda kosa, kwa sababu amekuja kushinda. Kijana anayelelewa kwa mdahalo peke yake hafundishwi namna ya kukaa na mtu asiyekubaliana naye pasipo kutafuta wa kupigiwa makofi.

Nitoe mfano mmoja wa Kidato cha Tatu. Mada ilikuwa ndoa kati ya Mkatoliki na Mwislamu, na darasani walikuwamo wanafunzi wa Kiislamu, kama ilivyo katika shule nyingi za Kanisa nchini. Binti mmoja Mwislamu alianza kueleza habari za shangazi yake aliyeolewa na Mkatoliki. Hajafika mbali, kijana wa mstari wa mbele akamdakia: "Hiyo ndoa haipo!" Wenzake wakacheka. Mwalimu hakumkemea. Alimwambia, "Kabla ya kumjibu, tuambie dada yako amesema nini, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema." Kijana alijaribu, akashindwa. Hakuwa amesikia lolote zaidi ya neno "ameolewa".

Binti akarudia, safari hii darasa likiwa limetulia. Hakuwa akibishana kuhusu uhalali wa ndoa. Kilichomuuma ni kwamba shangazi yake alishtukia tu watoto wanapelekwa kubatizwa, hajawahi kuelezwa neno. Hapo ndipo mwalimu alipofungua Sheria ya Kanisa. Kanuni ya 1086 inasema ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa ni batili pasipo kibali cha mamlaka ya jimbo. Na ili kibali kitolewe, kanuni ya 1125 inamtaka Mkatoliki aahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzake ajulishwe ahadi hiyo mapema. Manung'uniko ya binti yule yalikuwa ndani ya sheria yenyewe. Kama asingesikilizwa, darasa lingeondoka na nusu ya fundisho.

Nawajibu hivi wanaohofu kwamba majadiliano yatalegeza imani ya vijana. Mwalimu yule hakuficha msimamo wa Kanisa wala hakusema kila dini ni sawa. Alifundisha kanuni ileile aliyokuja nayo, ikapata masikio yanayoihitaji.

Ukimya nao unafundishwa. Akifungua Sinodi ya Vijana, mkutano wa maaskofu kuhusu vijana, mwezi Oktoba 2018, Papa Fransisko aliomba kuwe na kimya cha kama dakika tatu kila baada ya wasemaji watano. Sinodi ya 2021 hadi 2024 nayo ikatumia njia iitwayo mazungumzo katika Roho. Mzunguko wa kwanza kila mtu husema lake bila kukatizwa. Wa pili husema kilichomgusa katika maneno ya wengine, wala harudii yake. Wa tatu wote hutafuta pamoja wanakoitwa kwenda, na kati ya mzunguko na mzunguko kuna kimya cha sala.

Kwa kipindi cha dakika 40 chenye wanafunzi sitini, mizunguko miwili inatosha. Usihamishe madawati, watatu wa mbele wageukie watatu wa nyuma, kila mmoja apewe dakika moja na mmoja wao ashike saa. Ruhusu Kiswahili katika mzunguko wa kwanza, hata kama somo ni la Kiingereza, maana kijana anayetafuta msamiati hana nafasi ya kusikiliza. Nawe mwalimu, ukishauliza swali, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumtaja yeyote. Utaona vidole vya mwanzo ni vya walewale wa kila siku. Kuanzia saba au nane ndipo huinuka vile vya nyuma ya darasa.