Wanaume, uvimbe wa chuchu si jipu kila mara

Mbeba magunia ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, akishika uvimbe kifuani, hudhani msuli umestuka. Kama si msuli, basi jipu. Saratani ya matiti haimo kwenye hesabu zake, kwani huo ni ugonjwa wa akina mama. Anakandwa maji ya moto, ananunua vidonge duka la dawa, anasubiri liive. Haliivi.

Mwanaume naye ana tishu za titi, chache tu, nyuma ya chuchu. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani hii, mwanaume ni kama mmoja. Uchache huo wa nyama una faida: kivimbe kidogo tu kinashikika kwa vidole. Ubaya wake ni kwamba ngozi na msuli viko karibu, hivyo anayeona aibu kuvua shati mbele ya nesi anaweza kufika hospitali ya Maweni tayari ana kidonda.

Jipu huuma, huwa la moto, huiva ndani ya siku chache. Saratani mwanzoni kwa kawaida haiumi. Ni ngumu, iko upande mmoja. Chuchu huweza kuvutwa ndani, au tezi za kwapa kuvimba. Ukiona doa la damu kwenye fulana usawa wa chuchu, nenda hospitali wiki hiyohiyo.

Vijana wa balehe wasitishike: matiti yao hujaa kidogo, kisha mara nyingi hunywea yenyewe. Baadhi ya dawa nazo huyajaza, mfano spironolaktoni ya moyo na efavirenzi ya VVU. Usiache dawa, mwambie daktari.

Wengi huugua wakiwa na miaka 60 na kuendelea. Ini lililosinyaa, iwe kwa gongo au homa ya ini, huongeza hatari kwa sababu hushindwa kupunguza homoni ya estrojeni mwilini.

Jibu la uhakika hutoka kwenye kinyama kinachokatwa na kupimwa maabara. Matibabu ya saratani yapo hospitali za Bugando, Mwanza, na Ocean Road, Dar es Salaam: upasuaji, wakati mwingine dripu za dawa au mionzi, na kwa wengi vidonge vya tamoksifeni kwa miaka 5 hivi. Vidonge hivyo huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, na wapo wanaoviacha kimyakimya. Semeni kliniki, sisi wahudumu tumezoea kuyasikia hayo.

Aliyegundulika awaambie pia watoto wake, hasa mabinti. Kinasaba kiitwacho BRCA2, ambacho kikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani hii, hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama.