Rangi ya bafu: anza na dirisha na taa, kadi ya rangi ije baadaye

Swali ninaloulizwa sana na wateja hapa Kigoma ni "fundi, bafuni nipige rangi gani?" na anayeuliza anakuwa ameshafungua simu ana picha ya bafu la mtu kaipata mtandaoni, zuri kweli, ila mimi kabla ya picha huwa naomba niingie bafuni kwake, nizime taa, nifunge mlango, nitulie humo kidogo niangalie mwanga unaingilia wapi. Hiyo ndo kazi yenyewe, kupiga rola mtu yeyote akielekezwa anaweza.

Kwa huku kwetu ziwa liko magharibi na jua linazama kwenye milima ya Kongo kule ng'ambo, kwahiyo kama dirisha la bafu lako linaangalia ziwani jua la saa kumi na moja jioni linakuingilia moja kwa moja na linakuwa la njano iliyokolea. Krimu ambayo asubuhi ulikuwa unaiona imepoa, jioni inageuka njano kabisa, na pinki inaelekea kwenye chungwa. Mwenye dirisha la hivyo namshauri achukue krimu iliyokaribia nyeupe, au kijivu chepesi, au kijani kilichofifia sana, hizo zinalihimili jua la jioni bila kubadilika sana. La mashariki linapata jua la asubuhi, mchana mwanga unapoa, hapo sasa krimu na rangi ya malai zinakaa vizuri maana zinaongeza joto ambalo mwanga wenyewe hauna.

Halafu kuna dirisha linaloangalia ukuta wa jirani, na ndo mengi mjini, Mwanga, Gungu, kote nyumba zimebanana. Hapo unapata mwanga uliodunda kwenye ukuta wa jirani. Kama jirani ana tofali za kuchoma hajapiga lipu, mwanga unaokufikia una wekundu ndani yake, sasa wewe ukipaka kijivu unakiona kina rangi ya udongo na unaanza kumlaumu mwenye duka kwamba kachanganya vibaya. Hajakosea, nenda kasimame nje uangalie dirisha lako linatazamana na nini.

Usiku ni habari ya taa. Soma kwenye boksi la balbu, zile zimeandikwa 6500K zinatoa mweupe wenye ubluu na ndo zimejaa madukani, zilizoandikwa 3000K zinatoa mwanga wa njano. Rangi ileile chini ya taa hizo mbili utadhani zimetoka kwenye makopo tofauti, kwahiyo nunua balbu kwanza, ifunge, ndo uchague rangi. Na bafuni kuna kioo jamani, watu wanasahau, ule mwanga unagonga ukuta unarudi usoni kwako, ukuta wa kijani kibichi unakufanya uonekane mgonjwa kila asubuhi na mtu wa kupaka vipodozi hapo hawezi kujua anapaka nini.

Kitu cha pili ni vile ambavyo hutovibadilisha: tailizi, sinki, choo. Rangi ni rahisi kubadilisha, tailizi uking'oa umeingia gharama nyingine, sasa kwanini watu wanachagua rangi halafu wanategemea tailizi zifuate? Nyeupe nayo sio moja. Kuna mama mmoja pale Katubuka alikuwa na sinki nyeupe yenye ubluu kwa mbali na tailizi za chini zenye ukrimu, akawa ametaka ukuta mweupe kabisa. Nikamwomba kipande cha tailizi kilichobaki, nikakiweka juu ya kadi nyeupe tukasogea dirishani. Akakigeuza, akakisogeza karibu na macho, akasema "fundi, mbona tailizi zangu zimekuwa chafu?" Hazikuwa chafu, ule mweupe mkali ndo ulikuwa unazionyesha hivyo. Tukashuka kwenye krimu nyepesi, tailizi zikatulia, na sinki ikaonekana nyeupe zaidi ya mwanzo. Kwahiyo ukienda dukani beba kipande cha tailizi mfukoni, usiende na kumbukumbu.

Sasa niseme hili la nyeupe ya mafuta maana linaniuma. Watu wengi bafuni wanapiga rangi ya mafuta nyeupe ya kung'aa kwasababu ikichafuka inafutika kwa kitambaa, ni kweli inafutika, ila rangi ya mafuta nyeupe ikikosa mwanga inageuka njano yenyewe, hata kama hakuna aliyeigusa. Mabafu yetu yana vidirisha vidogo vya juu, mlango muda wote umefungwa, yaani ndo mahali penyewe pa kugeuka. Utaona nyuma ya kioo na nyuma ya mlango pamekuwa njano kuliko karibu na dirisha. Siku hizi kuna rangi za maji za kung'aa kidogo, zile za silki, zinafutika kwa kitambaa na weupe wake unadumu, mimi kwa bafu naenda na hizo. Isipokuwa ujue mng'ao unafichua kila bonde la ukuta, kama lipu ni mbovu piga skimu (ile lipu laini nyembamba ya kusawazisha) na msasa kwanza.

Rangi nzito, damu ya mzee, ugoro, bluu iliyokoza, watu wanapaka kwenye dado, ile sehemu ya chini ya ukuta, ili kuficha vumbi jekundu la kiangazi, Juni mpaka Septemba. Sebuleni sawa. Bafuni uchafu wenyewe ni povu la sabuni na chumvi ya maji, vyote vikikauka vinaacha michirizi myeupe, kwahiyo rangi nzito ndo inaonyesha zaidi. Rangi ya kati yenye asili ya udongo, kama mchanga hivi, inaficha vumbi na sabuni vyote viwili, na kwa Kigoma hii ndo chaguo langu la kwanza.

Bluu ya ziwa naipenda sana, najua kwanini watu wa hapa wanaitaka. Kwenye bafu lenye mwanga wa kutosha inapendeza mno. Kwenye bafu la dirisha dogo na balbu ya 6500K inakuwa baridi na giza, hapo weka ukuta mmoja tu, ule unaouona ukifungua mlango, kwingine krimu.

Kama ukuta una ukungu mweusi usipake juu yake, utatokeza tu. Jiki sehemu moja kwa maji sehemu tatu, vaa glavu, fungua dirisha, na usije ukachanganya na asidi ya kuoshea choo, ile hewa inayotoka ni sumu. Suuza, acha pakauke kabisa. Lipu mpya nayo isubiri kama wiki nne, ikiwa bado mbichi inababua rangi.

Kujaribu: chukua kipande cha jipsamu, paka mikono miwili, yaani mara mbili, kiegemeze kwenye tailizi, kiangalie asubuhi, mchana, jioni na usiku taa ikiwaka. Usiamue ikiwa mbichi, rangi ya maji ikikauka inakoza. Halafu chukua hatua moja nyepesi kuliko uliyoipenda, kwasababu kuta nne za karibu zinatupiana rangi na kuizidisha.

Bafu la mita 1.5 kwa 2, tailizi zikiishia mita 1.5, dari mita 2.7, linabaki na kama mita za mraba 8 za kupaka, na lita moja kwenye ukuta laini inapaka mita 10 hivi kwa mkono mmoja. Galoni ya lita 4 inatosha mikono miwili na inabaki. Ifunge vizuri, andika namba ya rangi kwenye kifuniko kwa maka peni, maana siku fundi bomba atakapopasua ukuta kutafuta panapovuja utaihitaji ileile.