AA kwenye paketi haikwambii ladha

Kazi yangu ni kuonja kahawa kabla haijapata bei, na ninaokutana nao huniuliza lilelile: ninunue ipi? Kabla sijajibu, mtu keshaonyesha paketi iliyoandikwa AA, na hapo hasikii la mwadhini. Ukweli ni kwamba AA ni ukubwa. Punje zimepita kwenye machekeche, zilizobaki juu ya lile lenye matundu ya karibu milimita 7 ndizo AA. Zinazofuata ni AB. PB ni punje ya mviringo, tunda lilipozaa punje moja badala ya mbili. Mpaka hapo hakuna aliyetia kitu mdomoni.

Ladha tunaitafuta mezani. Kila sampuli inapangiwa vikombe vitano, kila kimoja kahawa gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji ya nyuzi 93 hivi. Kahawa imekaangwa kidogo tu, kwa sababu ukiiunguza zote zinanukia moshi. Baada ya dakika nne utando uliotanda juu unauvunja kwa mgongo wa kijiko, pua ikiwa karibu kabisa na kikombe. Unaondoa povu, unangoja ipoe kiasi, kisha unaivuta kwa nguvu, kwa kelele ambazo mama yangu angenikemea, itawanyike mdomoni kote na harufu ipande puani. Halafu unatema.

Vikombe vitano vya nini? Punje moja mbovu inatosha kuharibu kimoja. Wenzetu wa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wanalijua hili vizuri: vikombe vinne vitamu, cha tano kinanuka kiazi kibichi. Kasoro hiyo inahusishwa na kunguni wa kahawa, anayetoboa tunda likiwa mtini. Punje yenyewe mara nyingi ukiitazama huoni tofauti, na kukaanga hakuiponyi.

Kahawa ikifikisha alama 80 kati ya 100 bila kasoro kubwa, ndipo huitwa ya kiwango maalumu. Kahawa nyingi za aina ya arabika za miteremko ya Kilimanjaro na Mbeya zinafika. Aina nyingine, robusta ya Kagera, ina wajuzi wake, tusiidharau.

Wazee wa barazani nao wana masharti yao: kahawa chungu, moto kutoka kwenye dele, kikombe kidogo, kashata pembeni. Ikipoa wanaimwaga. Hapo tu ndipo tunapoachana, maana joto linaficha mengi. Nyumbani nunua iliyoandikwa tarehe ya kukaangwa, isage siku unayokunywa, na ubakize nusu kikombe ipoe kabisa ndipo uonje. Kahawa safi huzidi kuwa tamu. Ukipata ladha ya karatasi iliyolowa, ujue ililala ghalani muda mrefu, hata kama ni AA.