Vitabu vya Wagonjwa wa Mengo

Ukitaka kujua udaktari ulianzaje kufundishwa Kampala, wengi watakupeleka Mulago, kwenye chuo cha tiba cha Makerere kilichoanza mwaka 1924. Mimi ningekuanzishia Mengo, kwenye vitabu vya wagonjwa.

Daktari Albert Cook na muuguzi Katharine Timpson, aliyekuja kuwa mkewe, walifika Kampala mwaka 1897 baada ya kusafiri kwa miguu kutoka Mombasa. Katika hospitali yao ya Mengo, kilimani Namirembe, wagonjwa waliolazwa waliandikwa vitabuni: jina, anakotoka, anaumwa nini, ametibiwaje, ametoka mzima au amefariki. Mwaka 1902 radi iliichoma hospitali, lakini uandishi haukukoma. Leo kumbukumbu hizo zimetunzwa Makerere, katika maktaba ya tiba yenye jina la Cook.

Kwa nini nazishikilia hivi? Miaka ya 1950, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, alikuwa akipokea watoto wenye uvimbe wa taya, aina ya saratani, unaokua upesi mno. Aliuandika mwaka 1958. Je, maradhi haya yalikuwa mageni? Mwalimu wa patholojia (elimu ya maradhi) wa Makerere, J.N.P. Davies, aliyafuata majibu kwenye vitabu vya Mengo, na humo watoto wenye uvimbe huo walikuwamo, miongo mingi kabla ya Burkitt. Mwaka 1964 yeye na wenzake walichapisha uchambuzi wa saratani zilizoandikwa Mengo kuanzia 1897 hadi 1956. Aliyeandika mstari ule wa kwanza alikuwa anamhudumia mtoto mmoja tu, siku hiyo.

Sehemu nyingine ya historia hii haiko Kampala kabisa. Dar es Salaam ilianza kufundisha madaktari mwaka 1963 na Nairobi 1967. Kabla ya hapo vijana wa Kenya, Tanganyika na Zanzibar waliotaka udaktari bila kutoka Afrika Mashariki walikwenda Makerere. Madaftari yao ya masomo, barua walizoandika nyumbani na picha za darasa huenda bado zimo kwenye masanduku ya familia, na mchwa hawabishi hodi.

Basi ukifungua sanduku la babu, chomoa pini zenye kutu polepole. Usibandike selotepu palipochanika, wala usipeleke karatasi kulamineti; plastiki ile haitoki tena. Acha karatasi katika mpangilio ulioukuta, maana mpangilio nao ni habari. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli laini, tena leo, wakati bibi bado anawatambua waliosimama mstari wa nyuma. Kisha liinue sanduku kutoka sakafuni, uwasiliane na mtunza nyaraka wa chuo au wa nyaraka za taifa.

Ukikuta majina ya wagonjwa, usiyapige picha ukayatuma WhatsApp. Yule mgonjwa ana wajukuu, na huenda ni jirani zako.