Balbu za LED: yanayosemwa dukani na ukweli wake

"Wati nyingi, mwanga mwingi." Ilikuwa kweli enzi za balbu za waya. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na kwenye boksi huandikwa lm. Balbu ya waya ya wati 60 hutoa lumeni 800 hivi, na LED ya wati 9 hufikia hapo.

"Taa hazili umeme, mla umeme ni friji." Balbu nne za wati 60 zikiwaka saa 5 kila usiku hula uniti 36 kwa mwezi. LED nne za wati 9 hula 5.4. Kwa mteja wa TANESCO wa kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, ambalo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, hizo 30 zinazookolewa si chache.

"LED haiungui." Huungua, na mara nyingi si ile sehemu inayotoa mwanga. Kinachokufa ni saketi iliyo shingoni mwa balbu, hasa kapasita (kifaa kidogo kinachotunza umeme), ambayo hukaushwa na joto. Ukiifunga balbu ndani ya kava la kioo lisilopitisha hewa, usishangae ikizima kabla ya muda wake. Vipande vya mwanga navyo huungwa kwa mfuatano: kikikatika kimoja, balbu nzima inazima. Mtaa ambao umeme hupanda na kushuka, tafuta iliyoandikwa 85–265V badala ya 220–240V.

"Ikibaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa, ni mbovu." Mara nyingi balbu ni nzima. Huenda swichi ina kile kitaa kidogo cha kuionyesha gizani, kinachopitisha umeme kidogo sana ambao balbu ya waya isingeuhisi. Hapo weka swichi ya kawaida. Baya zaidi ni swichi kufungwa kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laini (waya unaoleta umeme): umeme unabaki kwenye holda hata ukizima, na anayebadilisha balbu anaweza kupigwa shoti. Fundi azime meni swichi kwanza, kisha ahamishie laini kwenye swichi.

"Nyeupe kali ndiyo yenye mwanga zaidi." Hiyo ni rangi tu, na hupimwa kwa kelvini. 6500K ni nyeupe ya kubuluu, inafaa jikoni. Chumbani 3000K, ya manjano, haichoshi macho.

Kabla ya kulipa, angalia kitako: cha pini ni B22, cha kuzungusha ni E27. Na kama swichi yako ni ya kupunguza mwanga, balbu isiyotengenezwa kwa swichi hiyo itakonyezakonyeza.