Puli ya kranki si chuma kitupu
Imeaminika kwa muda mrefu kwamba mkanda wa injini ukipiga kelele, dawa ni mkanda mpya tu, kwa kuwa puli ya kranki, yaani gurudumu linalozungusha mkanda kwenye ncha ya kranki (mhimili mkuu wa injini), ni chuma kisichochakaa. Sivyo. Katika magari mengi puli hiyo ina kitovu (sehemu ya katikati) na pete ya nje, vilivyoshikanishwa kwa mpira unaopunguza mtetemo wa msokoto wa kranki. Mpira huo ukiachia, pete huyumba, nao mkanda mpya huliwa ukingoni au kuchomoka. Injini ikiwa imezimwa, chora mstari kutoka kitovuni hadi kwenye pete, kisha uukague baada ya safari: ukiwa umekatika na kupishana, puli haifai tena. Wakati wa kuing'oa, ivutwe kupitia kitovu, kamwe si kwenye pete, na bolti ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji.