Je, wajua kwa nini shimo fupi lenye kona huwaponza wanaopiga mbali?

Katika gofu, "shimo" ni njia nzima kutoka mahali pa kuanzia hadi kwenye kitundu cha mpira. Shimo la mikwaju minne lenye urefu wa yadi 320 huonekana jepesi kwenye kadi ya gofu: mikwaju miwili ya kufika kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi sana lenye kitundu, miwili ya kuutumbukiza mpira. Ila mashimo mafupi ya aina hii mara nyingi hayakunyooka. Njia inakwenda mbele, kisha inapinda kushoto au kulia, na upande wa ndani wa kona kumesimama miti au kumetanda maji. Mchezaji anatazama juu ya miti ile na kujiuliza: kwa nini nizunguke?

Tupige hesabu. Tuseme kona iko yadi 220 kutoka mahali pa kuanzia, njia inapinda kwa nyuzi 45, kisha zinabaki yadi 100 hadi kwenye grini. Mstari ulionyooka juu ya miti una yadi 299. Kwa hiyo njia ya mkato inaokoa yadi 21 tu. Ingekuwa kona ya nyuzi 90, ungeokoa karibu 80, na hapo kweli kuna jambo la kufikiria. Lakini kona nyingi si kali hivyo, hata kama zinaonekana kali ukiwa umesimama na fimbo mkononi.

Faida ya yadi hizo ni ipi basi? Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia nchini Marekani, alichambua mamilioni ya mikwaju ya wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani. Aligundua kwamba mtaalamu aliye yadi 100 kutoka shimoni, mpira ukiwa kwenye nyasi fupi, humaliza kwa wastani wa mikwaju 2.80. Akiwa yadi 60 kwenye nyasi fupi, ni 2.70. Akiwa yadi hizo hizo 60 lakini kwenye nyasi ndefu, ni 2.91.

Sasa zirudishe namba hizo kwenye kona yetu. Anayepiga yadi 220 hadi penye kona anabakiza 100. Anayepiga 240 juu ya miti anabakiza kama 60. Mpira wake ukitua vizuri, amepata sehemu ya kumi ya mkwaju. Ukitua kwenye nyasi ndefu, amepoteza zaidi ya alichokuwa anakitafuta. Na ukinaswa mitini, mkwaju mzima huishia kuutoa tu. Hao ni mabingwa. Sisi wengine hasara yetu ni kubwa zaidi.

Nyasi ndefu zina ubaya wake. Zinaingia kati ya uso wa fimbo na mpira, mpira haupati mzunguko wa kurudi nyuma, na ukitua kwenye grini unateleza mbele badala ya kusimama.

Kuna mtego wa pili ambao wengi hawauoni. Draiva, yaani fimbo ya kupigia mbali zaidi, ikipigwa sawasawa bila kukata kona, inaweza kuvuka njia na kuishia kwenye nyasi ndefu za upande wa nje. Ndiyo maana fimbo inayofaa hapa ni ile inayofika penye kona na kusimama, hata ikiwa ni ya chuma, isiyopiga mbali kama draiva. Usipige fupi mno pia, kwani miti ya ndani itakuziba. Ukikosea, afadhali ukosee kuelekea upande wa nje, ambako grini inaonekana wazi.

Je, hakuna wakati wa kuthubutu? Upo. Mwaka 1978, Severiano Ballesteros wa Hispania aliufikisha mpira kwenye grini ya shimo la 10 la uwanja wa The Belfry, Uingereza, kwa mkwaju mmoja, juu ya miti na maji. Lakini ilikuwa mechi ya mtu na mtu, ambayo kila shimo hushindaniwa peke yake. Mpira ungezama majini angepoteza shimo moja tu, hata kama angelimaliza kwa mikwaju minane. Mashindano ya kujumlisha mikwaju hayana huruma hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua fimbo, itazame kwanza bendera inayoonyesha kitundu kilipo. Ikiwa imewekwa kulia mwa grini nyuma ya shimo la mchanga, mkwaju wako wa pili utakuwa rahisi ukitokea kushoto mwa njia. Ikiwa kushoto, kinyume chake. Ukishajua unataka kupigia wapi mkwaju wa pili, hesabu yadi za kufika hapo, kisha ndipo utoe fimbo kwenye mfuko.